Siku Mama King'ora Alipoidai Sauti Yake

Kazini hawaamini. Ukiwaambia wauguzi wa wodi ya watoto njiti kwamba yule mhudumu wao anayepiga deki akitembea kwa ncha za vidole ndiye Mama King'ora wa uwanjani, watakuuliza kama umelala vizuri. Na ukienda uwanjani ukawaambia mashabiki wa Tanuru kwamba Mama King'ora wao hufanya kazi mahali ambapo hata kukohoa ni kosa, watacheka mpaka wakae chini.

Lakini ni yeye yule. Siku za kazi huvaa viatu vya soli ya mpira, hufuta vioo vya zile mashine za joto walimolala watoto waliofika duniani kabla ya wakati wao, na huongea kwa kunong'ona tu. Daktari bingwa akiingia na viatu vinavyogonga sakafu, huoneshwa ndara mlangoni, naye huzivaa. Hakuna aliyewahi kubishana naye, kwa sababu ni vigumu sana kubishana na mtu anayenong'ona. Sauti yote asiyoitumia wiki nzima huiweka akiba, na siku ya mechi huitoa yote.

Mumewe ni fundi wa friji, na karakana yake ni hapo hapo sebuleni. Huwaambia wateja kwamba alioa mke mmoja akapata wawili, na yule wa pili humsikia tu, kwa sababu nyumba yao haiko mbali na uwanja na sauti inafika bila shida. Mwenyewe mpira haumhusu, hajui kona wala penalti. Kazi yake katika ushabiki huo ni kumchemshia mkewe maji ya tangawizi anaporudi, kisha kukaa naye akiyanywa bila mazungumzo, maana jioni hiyo mama wa watu huwa hana tena sauti ya kumwambia hata asante.

Jukwaa lake ni lile la nyuma ya goli, lisilo na paa, linaloitwa Vumbini. Hapo Vumbini hakuna mtu aliyethubutu kuanzisha wimbo kabla yake. Wapiga ngoma walisubiri, wapiga tarumbeta walisubiri, mpaka yeye asimame, akaze kitambaa chake kichwani, avute pumzi na kuanzisha. Ndipo jukwaa zima lilipoitikia, na timu ngeni iliyokuja kwa mara ya kwanza ikatazama juu kama iliyosikia radi mchana kweupe. Timu ikifungwa aliimba. Ikifungwa zaidi, aliimba zaidi. Wako watu wanaoipenda timu yao inaposhinda. Huyu aliipenda Tanuru kama mtu anavyompenda kaka yake mlevi, kwa hasira, kwa kumtukana, na bila kumwacha.

Na hasira zilikuwa na sababu. Tanuru ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha matofali, watu waliocheza jioni huku vumbi jekundu likiwa bado kwenye nywele zao. Kiwanda kilipofungwa, timu ikabaki yatima, ikawa ya kuombaomba, mpaka alipotokea bwana mmoja mwenye maduka ya samani akainunua. Siku alipokuja, mji mzima ulitoka kumlaki, na ukweli usemwe, aliyeongoza mapokezi yale alikuwa Mama King'ora. Alimtungia na wimbo kabisa: "Baba kaja, baba kaja, Tanuru imepata baba!" Aliuimba mbele ya gari la yule bwana kutoka langoni mpaka katikati ya uwanja, machozi ya furaha yakimtiririka, na pembeni kulikuwa na kijana wa tajiri aliyekuwa anarekodi.

Baba mwenyewe alishika kipaza sauti akasema kesho ya Tanuru ni njema. Watu wakashangilia. Baadaye walipouliza habari za basi la wachezaji, akasema kesho. Walipouliza paa la Vumbini, kesho. Walipouliza kwa nini mshambuliaji wao bora ameuzwa katikati ya msimu, akasema mwingine anakuja, tena bora zaidi, kesho. Ndipo wakamwita Bwana Kesho, na jina likamganda. Uwanja wa mazoezi aliujengea ghala la makochi yake, wachezaji wakahamia kiwanja cha shule ya msingi, ambako iliwabidi wasubiri watoto wamalize kuruka kamba. Makocha aliwabadilisha kama soksi. Ile nembo ya zamani, tanuru linalofuka moshi, aliifuta akaweka tai aliyechorwa na mpwa wake. Mashabiki walimtazama tai huyo kwa makini, huku na huku, wakakubaliana kwamba ni kuku aliyenyeshewa.

Huko uwanjani nako mambo yalikuwa shaghalabaghala, hasa ulinzi. Mpira ukipigwa juu kuelekea golini, kipa na mabeki wake waliuendea wote kwa pamoja, wakagongana vichwa kama kondoo, nao mpira ukajiendea taratibu wavuni. Wengine walisema mabeki wamehongwa. Wengine walisema wamerogwa. Waliobaki walisema utawezaje kucheza mpira wa maana na kuku kifuani. Kipa hakulaumiwa hata kidogo. Alikuwa ndiye nahodha, mtu mzima, aliyekataa kuondoka timu nyingine zilipomwita, na jina lake pale lilikuwa Komeo. Mama King'ora alikuwa na wimbo wake pia, wa Komeo peke yake, na aliuimba kila mpira ulipokaribia goli ili kumtia moyo.

Lakini kilichomkereketa mama huyu kuliko mikosi yote ni kwamba ule wimbo wa mapokezi Bwana Kesho aliufanya kuwa wa klabu. Kabla ya kila mechi vipaza sauti vya uwanja vilimwaga: "Baba kaja, baba kaja!" Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ikimsifu mtu ambaye siku hizi hata salamu asingempa. Kila ulipopigwa aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Matangazo ya makochi redioni nayo yalianza na sauti hiyo hiyo. Siku moja alikuwa wodini anabadilisha shuka, mara simu ya mgeni mmoja aliyekuja kumwona mpwa wake ikaita: baba kaja, baba kaja.

"Zima," alinong'ona Mama King'ora, na macho aliyomtolea yule mgeni hayakuwa ya wodini.

Msimu ulifika mwisho Tanuru ikiwa mkiani, imebakiwa na mechi moja nyumbani. Ikipata sare, inabaki kwenye ligi. Ikifungwa, inashuka daraja. Mashabiki wakakutana kwa kinyozi, ambaye ndiye katibu wao, na ambaye hawezi kuongea jambo zito bila wembe mkononi, kwa hiyo kila kikao hufanyika huku kuna mtu kitini amefungwa shuka shingoni.

"Tumezomea," alisema kinyozi akimzunguka mteja wake, "akasema redioni kwamba kuzomea ni mapenzi. Tumebeba mabango, tukanyang'anywa langoni. Tumesusa, akatujazia jukwaa wafanyakazi wa madukani kwake wamevaa fulana za makochi. Kimebaki kitu kimoja hatujampa."

"Kipi hicho?" aliuliza mteja, povu likiwa kidevuni, akiogopa kugeuka.

"Kimya."

Akawaeleza. Televisheni itakuwepo. Waende wote, wajaze Vumbini pomoni, na kuanzia filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho asitoke mtu hata sauti ya kuguna. Nchi nzima isikie uwanja ulivyokufa. Watu wakatazamana, kisha wote wakamtazama Mama King'ora, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la wanaosubiri zamu.

"Sitaki," alisema. "Siku wanayotuhitaji ndiyo siku tufunge midomo? Timu ile haina basi, haina uwanja wa mazoezi, haina kocha anayekaa. Ina sauti tu. Na hiyo nayo tuinyime?"

"Dada yangu, sauti hiyo anayeitumia ni yeye," kinyozi alimjibu, tena kwa upole. "Jana hukumsikia redioni?"

Alikuwa amemsikia. Mtangazaji alimuuliza Bwana Kesho kuhusu hasira za mashabiki, naye akacheka kile kicheko chake cha kushiba. "Hasira gani? Njoo uwanjani kwangu siku ya mechi usikilize. Watu wenye hasira hawaimbi hivyo."

Mama King'ora alishika tama. Mteja wa kitini alinyolewa, akafutwa povu, akakaa tu hapo hapo asiondoke, maana naye alitaka kujua mwisho wake.

"Haya," alisema hatimaye. "Tunyamaze. Lakini kiwe kimya kweli. Msije mkaniletea kimya cha kunong'onezana na kuchekeana. Mimi kimya nakijua, ni kazi yangu."

Kesho yake alitoka wodini akapitia kiwanja cha shule kumwona Komeo, kwa sababu hakutaka asikie habari hiyo kwa watu. Alimkuta anakunja nyavu.

"Mwanangu, Jumamosi hamtatusikia." Akamweleza yote. "Mtaweza?"

"Tutajitahidi, Mama."

"Usidhani tumewaacha."

"Siwezi kudhani hivyo, Mama."

Akaondoka moyo umemlemea, kama mtu anayekimbia msiba wa nduguye. Aliamini kabisa, bila chembe ya shaka, kwamba sauti yake ndiyo nguzo ya mwisho iliyoishikilia timu ile, na kwamba akiitoa, paa litaanguka. Si kwamba alijivuna. Kila mtu alikuwa amemwambia hivyo kwa miaka, mpaka makocha, mpaka wapinzani, na jambo ukiambiwa na wote hao unaliamini.

Jumamosi mumewe alimuuliza kama achemshe tangawizi. "Usisumbuke," alimjibu akikaza kitambaa. "Leo sauti narudi nayo nzima."

Vumbini ilijaa. Watu walipita langoni mikono mitupu, hawana bango, hawana ngoma, na askari wa lango waliwapapasa weee mpaka wakaona aibu wenyewe. Filimbi ikalia. Jukwaa likanyamaza, nao walikuwa watu wazima, wengine wakorofi kabisa, wamekaa bega kwa bega kama wanafunzi kwenye mtihani. Ulisikia kiatu kikipiga mpira. Ulisikia mwamuzi akihema. Mama King'ora aliwatazama watu wake, na licha ya hofu yake akajisikia fahari.

Kimya hicho hakikumaliza hata dakika chache. Vipaza sauti vya uwanja vilikwaruza, vikakohoa, kisha vikapasuka: "Baba kaja, baba kaja, Tanuru imepata baba!" Ngoma za siku ile ya mapokezi, vigelegele vya siku ile, na juu ya vyote sauti ya Mama King'ora, imejaa furaha kama maji kwenye ndoo. Wimbo ulipokwisha ulianza upya. Bwana Kesho alikuwa ameshapashwa habari za kimya chao, na dawa yake alikuwa nayo kwenye mashine tangu zamani. Huko majumbani watu walikuwa wanautazama uwanja wenye shangwe kuliko yote nchini.

Vumbini nzima iligeuka ikamtazama. Hapakuwa na aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomchoma. Wengine walianza kuinuka ili wazomee, waufunike ule wimbo kwa kelele. Aliwanyooshea kiganja, taratibu, wakakaa. Uso wake ulikuwa umewaka kwa aibu mpaka masikio. Pale alipo amefunga mdomo, na wakati huo huo anasikika nchi nzima akimwimbia mtu yule.

Kabla ya mapumziko wapinzani walipiga mpira wa juu. Komeo akauendea, beki wake mrefu akauendea, wakagongana, wakaanguka chali wote wawili, na mpira ukaingia. Moja bila. Na vipaza sauti, visivyojua lolote, vikaendelea kupiga vigelegele. Mzee mmoja aliyekaa karibu na kinyozi alitoa kicheko kifupi, kikamgeukia katikati kikawa kilio, akajiziba mdomo kwa kofia yake.

Wachezaji walipotoka kwa mapumziko, Mama King'ora aliinuka. Hakumwambia mtu anakokwenda. Alishuka ngazi za Vumbini, akazunguka uwanja kwa ile njia ya nyuma ya vyoo, akafika chini ya jukwaa kuu, kwenye mlango wa chumba cha mitambo. Askari alikuwa ameegemea hapo.

"Samahani, mwanangu. Naomba kupita," alinong'ona.

"Wewe nani?"

"Mama King'ora."

Askari akamwangalia juu mpaka chini. "Mama King'ora gani ananong'ona?"

"Leo tumekubaliana kunyamaza. Sasa nitaongeaje kwa sauti?"

Yule askari akasogea. Ndiyo nguvu ya kunong'ona. Madaktari wale waliovaa ndara wangeweza kumwambia.

Ndani alimkuta fundi mitambo, mtu mwembamba mwenye vidude vya kusikilizia shingoni, amezungukwa na nyaya. Wimbo ulikuwa unaendelea. Humo ndani ulisikika mdogo sana, unatoka kwenye kisanduku kimoja mezani.

"Nimekuja kuchukua sauti yangu," alisema.

"Sijakuelewa, mama."

"Huyo anayeimba ni mimi. Nilimwimbia mtu niliyedhani ni baba. Sasa nimejua si baba, nimeacha kumwimbia. Wewe unaendelea kumwimbia kwa mdomo wangu."

Fundi alikuna shingo. "Mama, mimi nimeagizwa tu. Mwenye timu ataniuliza."

"Mwambie mwenye sauti alikuja."

Si haki kusema fundi yule alikuwa shujaa, na si haki kusema alikuwa mbaya. Alikuwa na watoto na bosi, kama watu wengi. Akavua vile vidude vyake shingoni akaviweka mezani.

"Mimi sizimi," alisema. "Sizimi kabisa, na nikiulizwa nitaapa. Ila nimebanwa, naenda chooni."

Akatoka. Mama King'ora akabaki na meza iliyojaa vitufe na vitaa vyekundu, asijue kimoja. Lakini hakuishi bure na fundi wa friji. Kitu usichokijua unakizimia ukutani. Akaufuata waya mnene kwa macho mpaka kwenye soketi, akaushika, akauchomoa. Wimbo ulikatika kwenye neno "baba". Ilivyo ni kwamba chumba cha wageni maalumu kilikuwa kinavuta umeme wake kwenye soketi ile ile, kwa sababu Bwana Kesho alikuwa ameahidi kukiwekea wa kwake kesho. Huko juu, nyuma ya kioo, kiyoyozi kilihema mara moja kikanyamaza, friji ya soda ikanyamaza, na tajiri akaanza kujipepea kwa ratiba ya mechi. Mama hakuujua huo uharibifu mpaka siku nyingi baadaye. Aliposimuliwa aliomba Mungu amsamehe, lakini hakuomba kwa bidii.

Alirudi Vumbini timu zikiwa zimeshaingia. Kimya kilikuwa kimetanda, safari hii kizima. Hakuna aliyempigia makofi, maana ilikuwa marufuku, ila alivyokuwa akipanda ngazi kila aliyempita alimgusa mkono.

Alikuwa hajakaa vizuri aliposikia mtu anapayuka. "Kushoto! Kaka, kushoto kwako! Rudi, rudi, rudi!" Sauti ya kukwaruza, ya mtu aliyezoea kubishana na upepo. Damu ikampanda. Nani huyo anayewavunjia miiko baada ya yote haya? Aligeuka nyuma na kidole mdomoni, akachunguza mstari mmoja baada ya mwingine, kila uso ukimwonesha kwamba si yeye. Akageukia upande wa pili. Kinyozi alimvuta kitenge, akamwonesha kwa kidevu.

Alikuwa Komeo.

Amesimama golini, mgongo umewaelekea, mikono miwili hewani, anaongea. Na haachi. "Mshike huyo! Mgongoni kwako! Tulia, una muda! Sogeeni juu, sogeeni!" Na jambo la ajabu, mabeki walikuwa wanageuka. Akiita kushoto wanakwenda kushoto. Yule beki mrefu, aliyekuwa akitangatanga msimu mzima kama mtu aliyepotelewa na funguo, sasa alikuwa kila mara mahali panapotakiwa. Miaka yote ile Mama King'ora alikuwa anakaa nyuma ya mgongo wa Komeo, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake ya kazi. Hata hivyo hakujiuliza kwa nini. Alikuwa anautazama mpira.

Tanuru ikasawazisha. Kiungo wao mfupi alipiga kutoka mbali, mpira ukagonga mwamba ukaingia. Jamani, mmewahi kufunga goli la kuokoa maisha yenu mkatakiwa msipige kelele? Vumbini watu walikumbatiana kama mabubu. Mmoja aliuma skafu yake. Yule mzee wa kofia alilia wazi, mabega yakimruka, bila kutoa hata mlio. Mama King'ora alikuwa amemshika kinyozi mkono na kumfinya kwa nguvu zote, na kinyozi, ambaye mkono ule ndio unaomlisha, alivumilia kiume.

Kisha ukaja ule muda mrefu wa kulinda sare. Wapinzani walishambulia kama mvua. Zikiwa zimebaki dakika za nyongeza, wakapata kona, wakaja wote, hata kipa wao. Mpira ulipigwa juu, mpira ule ule wa kila siku, wa kugonganisha watu vichwa. Mama King'ora alifumba macho.

"Yangu!" aliita Komeo.

Neno moja tu, na uwanja mzima ukalisikia. Beki mrefu akainama akampisha. Wengine wakampisha. Alipofumbua macho, Komeo alikuwa amelala chini ameukumbatia mpira kifuani, na filimbi ya mwisho ikalia.

Tanuru ilibaki kwenye ligi. Bwana Kesho alikuwa wa kwanza kuifikia kamera, shati limemganda mgongoni kwa jasho, akatangaza kwamba utulivu uliooneshwa na mashabiki ni matunda ya uongozi wake, na kwamba msimu ujao mambo makubwa yanakuja. Hakuondoka na hakuuza timu. Wenye kusimulia kwamba alikimbia siku hiyo wanatia chumvi.

Wachezaji walikuja Vumbini kutoa shukrani. Komeo alifika kwenye uzio, akaegemea, anahema. Mama King'ora alishuka mpaka chini.

"Mwanangu, leo mmecheza! Kipindi cha pili kiliwaingia kitu gani?"

"Hakuna kilichotuingia, Mama." Alikuwa anavua glavu, anaitazama glavu. "Wamenisikia tu."

"Nani?"

"Mabeki. Leo nikisema yangu, wanasikia kwamba yangu. Siku nyingine naita, naita..." Akaacha.

Hakuwa na haja ya kumalizia. Mama King'ora alisimama na mkono kwenye uzio, na misimu yote ikampitia kichwani: vichwa vinavyogongana, mpira unaojiendea wavuni, mabeki waliotukanwa sokoni, waliosemwa wamehongwa, waliosemwa wamerogwa. Na yeye juu yao, hatua chache nyuma ya goli, anapasua anga.

"Miaka yote hiyo?" alinong'ona. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Mama? Ulikuwa unaimba jina langu."

Mtu mwingine angenuna. Mtu mwingine angesema unikome, nimekuchezea ngoma mpaka nimezeeka, leo unanilipa hivi. Ilimuuma, tena sana. Kinyozi aliyekuwa nyuma yake anasema aliona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetuliwa mzigo alioupenda. Kisha yakaanza kutikisika, na kinyozi akadhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha tumboni, machozi yakimchuruzika, mpaka akalazimika kuushika uzio kwa mikono miwili.

"Sikiliza," alisema alipopata pumzi. "Msimu ujao mpira ukiwa golini kwako, hapa Vumbini hakohoi mtu, nakuapia. Ukivuka katikati kwenda kwao, hapo uniachie mimi."

"Nakuachia, Mama."

Nyuma yao jukwaa zima lilikuwa bado limenyamaza. Mechi imekwisha, kiapo kimekwisha, watu wamebanwa na shangwe mpaka mishipa ya shingo imesimama, lakini hakuna aliyethubutu. Walikuwa wanamsubiri. Aligeuka akawaona, vinywa nusu wazi, mikono tayari kupiga makofi. Akainua mkono kukaza kitambaa kama kawaida yake, akavuta pumzi, kisha akaiachia bila kuitumia. Akamgeukia Komeo.

"Anza wewe," alimwambia.

"Mimi? Mama, mimi sijui kuimba."

"Anza. Sisi tunakusikia."

Komeo akajikohoza, akawatazama wenzake waliokuwa wanamcheka, akaanza. Sauti ilikuwa mbovu, imekauka kwa kupayuka kipindi kizima, na aliianzia juu mno. Mama King'ora alimpisha amalize mstari wa kwanza, kisha akaitikia pamoja na wengine.